Sarafu ya Vita vya Kwetu

Watu wakiliona kopo langu la maziwa ya unga wanadhani nimeficha almasi. Hapa Kisangani mawazo yanakimbilia huko huko: mtu akiwa na kitu anakifunga kwa kitambaa, anakisukuma chini ya kitanda, na hapendi watoto wakiguse, basi ni jiwe. Shemeji yangu mmoja alinisema mbele ya wageni kwamba ninalala njaa juu ya utajiri. Nikatoa kopo, nikamwaga vyote kwenye mkeka. Akaokota sarafu moja, akatazama picha ya mzinga na farasi, akageuza, akairudisha polepole kama mtu anayerudisha mfupa kwenye sahani.

"Donc haiko almasi," akasema. "Iko wazimu tu."

Labda ni wazimu. Lakini una sababu yake, na sababu hiyo ndiyo ninayotaka kuiandika hapa. Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la nne, baba alipotuleta huku kutoka Maniema na mambo yakawa magumu. Ninaandika kama ninavyosema. Mwenye kutaka Kiswahili cha redio afungue redio.

Miaka mingi nilifanya kazi ya toleka, yaani baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, inayobeba abiria. Nusu ya mji huu niliibeba kwa magoti yangu. Sarafu ya kwanza niliipata kwa askari wa kofia ya bluu, mmoja wa wale waliotumwa kulinda amani baada ya kila kitu kwisha kuharibika. Nilikuwa nampeleka bandarini, gurudumu likatoboka. Nikakaa chini kuziba tundu, yeye akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akawa anachezesha kitu kati ya vidole, kinazama huku, kinatokea kule. Nikamwuliza kwa Kifaransa changu kidogo, naye akanijibu kwa chake kidogo. Ilikuwa sarafu. Juu yake kulikuwa na mtu amepanda farasi, ameshika upanga. Akasema ni vita vya nchi yake.

"Ulipigana?" nikauliza.

Akacheka. Hata babu wa babu yake alikuwa hajazaliwa. Nikauliza nani alishinda. Akajipiga kifua: sisi. Nikauliza nani alikufa. Hilo swali hakulielewa, au ni Kifaransa changu. Tulipofika bandarini akaniwekea ile sarafu kiganjani, akanifunga vidole, akaenda zake.

Niliitazama siku nyingi. Sikuwa nawaza farasi. Nilikuwa nawaza kwamba kuna watu wanabeba vita vyao mfukoni, tena wanavichezea wakisubiri baiskeli itengenezwe. Vyangu nilikuwa nimevibeba mahali ambapo mkono haufiki.

Tangu hapo nikaanza kutafuta. Nilitaka kuona wengine wanakumbuka namna gani. Askari wale waliambizana, wengine wakaniletea: mfalme mwenye kofia ya chuma, ngome yenye mizinga, ndege mbili zinafukuzana. Wafanyabiashara wa almasi walinipa zilizobaki kwenye mifuko ya safari zao. Nikajifunza kushika sarafu kwa ukingo, kutogusa uso wake, kutoisugua kamwe. Binti yangu, ambaye anasugua sufuria kwa majivu na limau mpaka unajiona, alinionea huruma siku moja, akataka kunisaidia. Nikamwambia akisugua, mfalme atapoteza pua.

Ng'ambo ya mto mkubwa kulikuwa na papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba au mzee, ambaye baba yake alipelekwa na wakoloni kupigana vita vya wazungu, mbali, upande wa Abisinia. Alikuwa na medali ya baba yake. Hakutaka kuitoa, wala mimi sikuomba. Aliniachia niishike kidogo, halafu akaniambia neno ambalo sikulisahau.

"Médaille ni ya mutu ule alipiga bunduki," akasema. "Banafunga pale kwa kifua yake, inaisha. Sarafu haiko hivyo. Sarafu inatembea. Inafika hata kwa mama mwenye kuuza ndizi."

Hapo ndipo nilipoelewa ni kitu gani nataka, ingawa nilikuwa sijajua bado kukisema.

Halafu akaja mzungu wa panya. Tulimwita hivyo, yeye mwenyewe akijua, na alikuwa mtu mwema. Alikuwa anachunguza panya wa msitu wa Masako, nami wakati huo nilikuwa nimeacha baiskeli, naendesha pikipiki. Nilimpeleka Masako na kumrudisha, yeye na vizimba vyake. Alisikia habari ya kopo langu. Aliporudi kutoka kwao Ulaya safari iliyofuata, akaniletea sarafu ndani ya kibweta cha plastiki, inang'aa kama imetoka motoni asubuhi ile.

"Pesa ya kwenu," akasema.

Nikaisoma mara ya kwanza, nikaisoma tena. Jina la nchi yetu lote, refu, hakuna herufi iliyokosekana. Simba. Faranga kumi. Nikageuza. Upande wa pili kulikuwa na meli ya vita ya wazungu, mizinga imeelekezwa angani. Nikamwambia pesa hii sijapata kuiona. Akaona haya kidogo. Akanieleza kwamba zinatengenezwa huko Ulaya kwa jina letu, kwa ajili ya watu wanaokusanya sarafu. Huku hazifiki.

Nikataka kuhakikisha. Nikaenda nayo soko la Tshopo, kwa mama anayeuza pondu, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Nikachagua fungu, nikampa sarafu. Akaigeuza, akaigonga kwa ukucha.

"Papa, hii ni kifungo ya koti?"

"Ni feza ya inchi yetu, mama. Iko jina yetu pale juu."

"Mi sijue kusoma, lakini feza najua." Akaiinua kwenye mwanga. "Na hii bateau, inaendaka wapi? Isangi ao Kinshasa?"

Mwenzake wa meza ya pili, bila hata kutazama, akasema, "Umurudishie papa kifungo yake. Iko bibi kwa nyumba anatafuta."

Wote wakacheka, hata mimi nikacheka. Nilipofika barabarani kicheko kikakatika. Jina la nchi yangu limeandikwa kwenye meli iliyopigana bahari ambayo hakuna mtu wa kwetu anayeijua. Wamepata mahali pa kuandika jina letu kwa ajili ya vita vya watu wengine. Na vita vilivyopita juu ya vichwa vyetu, hapa, katikati ya mji, havina hata kifungo. Na bibi yule aliyesemwa sokoni, mimi sina. Waliniulia mke.

Nitawataja. Ni askari wa Rwanda na askari wa Uganda. Waliingia pamoja, wakijiita washirika, halafu wakagombana juu ya mji usio wao, mwezi wa sita wa mwaka elfu mbili. Wa Rwanda walikuwa upande wa mji, wa Uganda ng'ambo ya mto Tshopo, na sisi wa komini ya Tshopo, yaani mtaa ulio ukingoni mwa mto huo, tulikuwa katikati, kama nyama kati ya meno. Wanaosoma vitabu wanasema mapigano yalitokea. Mvua ndiyo hutokea. Mtu anapotia bomu ndani ya bomba na kuelekeza kwenye nyumba za watu, hilo halikutokea, lilifanywa.

Tulikuwa chini ya kitanda, godoro juu yetu, mke wangu, mimi, na binti yetu ambaye alikuwa na miaka mitatu. Milio ikatulia kidogo. Mke wangu alikuwa ameacha pondu motoni, jikoni nyuma ya nyumba. Akasema, "Pondu itaungua. Nakuya sasa hivi." Akatoka. Bomu likaanguka kati ya jiko letu na ua wa jirani.

Sufuria ilibaki juu ya mafiga. Ilikuwa imefunikwa, inachemka, haikupata hata alama. Jioni ile mtoto alikula pondu hiyo kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu kingine, na mkono uliompakulia ni wangu.

Bomu lilitoka upande gani? Hakuna anayejua. Nimeuliza miaka na miaka. Kila upande una mtu wa kuonyesha kidole upande wa pili.

Basi nikaamua kutengeneza sarafu mwenyewe. Sarafu ina nyuso mbili, wauaji ni wawili. Uso mmoja jeshi la Rwanda, uso mmoja jeshi la Uganda. Hesabu hiyo ilinikaa vizuri. Nilitaka itembee mkono kwa mkono, ifike kwa mama wa ndizi na mama wa pondu, na kila anayeigeuza aone ni akina nani. Nikatafuta kipande cha mti laini, nikanoa spoku ya baiskeli, nikaanza kuchonga. Nilichonga bunduki mbili, moja kila upande, na maandishi kuzunguka. Mkono wangu si mbaya. Mtu aliyenyoosha magurudumu maisha yake yote anajua kufanya duara.

Fundi wa kumwaga sufuria niliyemfahamu anakaa kwenye njia ya kwenda Kapalata, karibu na kambi ya jeshi. Anayeyusha pistoni za magari na sufuria zilizopasuka, anamwaga ndani ya mchanga, anatoa sufuria mpya. Ni mtu wa Maniema kama mimi, tunaitana ndugu. Nilimkuta anapuliza moto.

"Ndugu," nikamwambia, "nataka unimwagie sarafu."

Akatazama barabara kwanza, kushoto, kulia. "Unataka tulale wote gereza? Kufanya feza ya uongo, tena hapa, mbele ya kambi?"

"Haiko feza. Haiwezi kununua hata kiberiti."

"Sasa kama hainunue kitu, ya kazi gani?"

"Ya kukumbuka."

"Ukumbuke na kichwa, ndugu. Kichwa haina kesi."

Nikamwonyesha mti niliochonga. Akaupangusa kwa kidole gumba, akasoma upande mmoja, akageuza, akasoma wa pili. Akaacha kupuliza. Yeye pia alikulia Tshopo, na vita vile vilimchukulia mama mdogo. Moto ukaanza kupungua rangi.

"Nitamwaga," akasema. "Mi namwaga tu. Mukono yangu haikuandika kitu. Wakiuliza, ni weye ulichonga." Halafu, kama mtu anayetaka kurudi kwenye kazi yake: "Chuma laini ya kuyeyusha, unayo?"

Pale pale nikaiona kichwani ile sufuria ya pondu.

Kwetu mwanamke akifa, matanga yakiisha, watu wa kwao wanakuja kuchukua vyombo vyake vya jikoni. Sufuria, kinu, mabeseni, alivyokuja navyo vinarudi kwa mama yake. Sikukataa, ndiyo desturi. Kwa hiyo sufuria ile ilikuwa kwa mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa mto, wa upande wa Isangi, anauza samaki wa kukaushwa kule ukingoni. Na yeye ni bokilo wangu. Asiyejua maana ya bokilo hapa kwetu, ni hivi: ni mkwe, na mkwe humwangalii usoni, humpi mkono, huli mbele yake, humwambii hapana. Tangu binti yake afe, miaka yote hiyo, mimi na yeye tumezungumza kupitia kwa binti yangu, kila mmoja akitazama upande wake. Hamna uadui ndani. Ni heshima, na heshima yetu ndiyo ilivyo.

Nikamtuma binti. Nikamwambia aombe ile sufuria, na aeleze yote, sarafu, majeshi mawili, nyuso mbili. Nilidhani bibi yake atafurahi. Hapo nilikosea. Kuomba chombo cha marehemu kwa mama yake si jambo la kutuma kama kutuma chumvi.

Kesho yake asubuhi akaja mwenyewe. Hakuleta sufuria. Binti akamwekea kiti nje, kando ya mlango, akakaa ametazama barabara. Mimi nikakaa ndani, nyuma ya mlango, natazama ukuta. Binti akakaa kizingitini kati yetu na sinia ya karanga, akawa anamenya.

"Uulize papa yako," mama mkwe akaanza, "ile piesi yake iko na uso ngapi?"

"Umwambie koko, mbili," nikasema. Koko ndiyo bibi mzaa mama, kwa Kilingala cha hapa, na piesi ndiyo sarafu.

"Ya kwanza ya nani?"

"Ya Rwanda."

"Ya pili?"

"Ya Uganda."

"Bon. Na mutoto yangu atakaa wapi? Pale kwa ukingo?"

Sauti ya karanga ikakoma. Katika hesabu yangu yote, usiku na mchana, sikuwa nimemwekea mke wangu mahali.

"Umwambie koko," nikasema, "tusipowaandika, batu watasahau nani aliua."

"Mi sikusahau. Papa yako alisahau?" Akamgeukia binti. "Na weye?"

"Mi nilikuwa mudogo, koko."

"Unakumbuka sura ya mama yako?"

Binti akaokota karanga moja, hakuimenya.

"Haikumbuke," mama mkwe akasema. "Haina sura ya mama yake, na papa yake anataka kumupa sura ya askari."

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema basi, majeshi yote mawili yawe uso mmoja, na uso wa pili uwe wa marehemu.

"Mugongo kwa mugongo?"

"Ndiyo."

"Mutoto yangu alale na bale, mugongo kwa mugongo, milele?" Hakupandisha sauti. Alisema kama anayeuliza bei ya samaki. "Hapana. Umwambie papa yako, sufuria yangu haitoke."

Akasimama, akafunga kitenge, akaenda.

Nilikasirika. Niliyoyasema ndani ya nyumba baada ya yeye kuondoka siyaandiki, maana ni mkwe wangu na yuko hai. Binti alinisikiliza mpaka nikachoka, halafu akasema, "Papa, umesema yote ile kwa ukuta," akaendelea na karanga zake. Nikawaza kwenda kwa fundi na pistoni yoyote, nimwagiwe sarafu yangu kama ilivyo. Nani angenizuia? Lakini sikwenda. Nilijiambia mti haujakwisha vizuri, bunduki ya upande wa pili imepinda.

Ili niinyooshe, nikamwaga kopo kwenye mkeka nitazame wenzetu wanachonga bunduki namna gani. Farasi na upanga. Mizinga ya ngome. Mfalme na kofia yake. Ndege. Meli ya faranga kumi. Nikazipanga mstari, nikawa nazipitia moja moja, na kadiri nilivyopitia ndivyo nilivyozidi kutafuta kitu kingine, si bunduki tena. Katika kopo zima hapakuwa na hata mtu mmoja aliyekuwa anapika. Hapakuwa na anayekimbia na godoro kichwani, wala mtoto chini ya kitanda. Nikazigeuza zote, nikatazama na upande wa vichwa, labda nimepitiwa. Wote ni wale wale waliopiga. Nikatazama mti wangu. Ningeutia koponi pamoja nao, usingeujua ni upi.

Sikufurahi kuona hivyo. Ile bunduki ya kwanza nilikuwa nimeichonga vizuri sana.

Nikachukua kipande kingine cha mti. Sura ya mtu siiwezi, na sura yake ningeiharibu. Nikachonga mafiga matatu na sufuria juu yake, imefunikwa. Juu nikaandika jina lake. Nikamwonyesha binti.

"Ni kuku analala juu ya mayai?" akauliza.

"Ni mafiga."

"Mafiga haiko mviringo hivi, papa. Na sufuria iko inaelea."

Nikarekebisha. Nikarekebisha tena. Alipokubali kwamba ni sufuria, nikamwomba apeleke mti kwa koko yake, asiombe kitu, aonyeshe tu. Alikaa huko mpaka jua likageuka. Aliporudi, alikuja anacheka peke yake.

"Koko anasema kifuniko haiko sawa."

"Kifuniko kina nini?"

"Anasema mama alikuwa anaweka jiwe juu. Kila mara, tangu utoto. Alikuwa hapendi kifuniko irukeruke. Anasema walimupigia kelele, ataangusha jiwe ndani ya chakula, na siku moja aliangusha." Akakaa chini. "Mi sikujua, papa."

Mimi nilijua. Nilikuwa na jiwe hilo nyumbani kwangu, jeusi, la mtoni, lilikuwa likiwekwa juu ya kifuniko cha pondu, cha maharage, cha maji ya kuoga mtoto. Nilikuwa nimekumbuka bomu kila siku ya Mungu, na jiwe nilikuwa nimelisahau. Binti akataka nimweleze lilikuwa kubwa kama nini, nikamwonyesha kwa ngumi. Akauliza na pondu yake ilikuwaje, aliweka mawese mengi au kidogo. Tulikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa hajawahi kuniuliza mambo hayo, na mimi, nikisema kweli, kila alipomtaja mama yake nilikuwa namjibu habari za majeshi.

Nikachonga jiwe.

Sufuria ikaja yenyewe, kichwani mwa mama mkwe, imefungwa kwa kitambaa. Hakuingia ndani. Akamwambia binti, "Twende kwa huyo fundi, mi nataka kuona." Tukaenda kwa pikipiki mbili, yeye na binti kwa mwenzangu mmoja, mimi nyuma yao na sufuria mbele yangu juu ya tangi.

Fundi alipoinua nyundo ili aivunje, mama mkwe akasema, "Ungoje." Akainama, akapangusa ndani ya sufuria kwa ncha ya kitenge chake, polepole, kama inayokwenda kupakuliwa. Halafu akarudi nyuma, akatazama kando. Fundi akapiga. Aluminiamu ya zamani ni ngumu, alipiga mara nyingi, na kila pigo nililisikia kwenye meno. Vipande vikaingia motoni.

Akakanyaga mchanga ndani ya fremu, akabonyeza mti wangu, akautoa kwa uangalifu, ikabaki alama. Akabonyeza tena pembeni, na tena, ili zitoke tatu. Alipokuwa anamwaga, askari wawili wa kambini wakapita, wakasimama. Mmoja akauliza, "Munatengeneza nini hapa?"

"Sufuria," fundi akasema, hakuinua kichwa.

Wakaenda zao.

Tulipozitoa mchangani zilikuwa za kijivu, kubwa kidogo kuliko ile ya faranga kumi lakini nyepesi zaidi. Ukingo ulikuwa na meno, fundi akaupiga tupa. Akampa mama mkwe ya kwanza. Akaiweka kiganjani, akaipima juu chini.

"Iko mwepesi," akasema. "Yeye alikuwa muzito. Kumuzaa nusu nikufe."

Akapitisha kidole juu ya jiwe la kifuniko. Halafu akageuza. Upande wa pili ulikuwa laini, alama za mchanga tu.

"Na huku?"

"Hakuna kitu, Mama," nikasema. Neno likatoka lenyewe, halikupitia kwa binti. Nikaona haya, nikatazama chini. Yeye hakunikaripia. Aliendelea kutazama ule uso mtupu.

"Muzuri," akasema.

Akafunga sarafu yake ndani ya pindo la kitenge. Binti akachukua ya pili, mimi ya tatu. Tulikuwa tumekwisha kuagana na fundi, tunaelekea kwenye pikipiki, ndipo mama mkwe aliposimama, na safari hii akarudi kwenye desturi yetu.

"Uulize papa yako. Na bale banaume ba bunduki, ataweka wapi?"

Binti akanitazama. Nikasema sijui. Nikasema ule mti wa kwanza ninao bado, lakini sitaumwaga.

"Umwambie asiwaache," akasema. "Mi sikusema awaache. Aandike karatasi. Pale bakae bo peke yao."

Basi nimeandika. Jeshi la Rwanda. Jeshi la Uganda. Na wa tatu ambao watu wanapenda kuwaruka, wakubwa wa kwetu wenyewe, Wakongomani, waliowafungulia mlango, wakala nao mezani, wakaitwa waheshimiwa wakati wa vita na wanaitwa waheshimiwa mpaka leo. Nao wakae hapa pamoja na wenzao. Jina la mke wangu hulikuti kwenye karatasi hii.